Taslimu, barua ya benki au bondi: dhamana ipi imbane mwendelezaji wa viwanja?

Ukitaka kujua kama mtaa mpya umekamilika, usitazame nyumba, tazama mifuniko ya chemba. Huko Pennsylvania, Marekani, mwendelezaji humwaga kwanza lami ya tabaka la chini, halafu tabaka la juu analiacha mpaka malori ya zege na mbao yamalize kupita. Kwa muda wote huo mifuniko ya chemba hubaki imechomoza juu ya barabara, inchi moja na nusu au mbili, ikisubiri lami ya mwisho. Mwendelezaji akifilisika katikati, inabaki hivyo hivyo. Theluji ikianguka, koleo la gari la kusukuma theluji linagonga chuma. Halmashauri inasema barabara bado si yake, haijaipokea. Wenye nyumba wanasema kodi ya majengo wanalipa kama wengine. Hapo ndipo watu wanaanza kuulizana: ile dhamana ambayo mwendelezaji aliiweka kwa halmashauri kwamba barabara itamalizwa iko wapi, na ni ya aina gani?

Aina ndiyo inayoamua kama lami ya juu itamwagwa kiangazi kijacho au baada ya kesi ya miaka mitatu. Makala hii inazilinganisha kwa ajili ya watu wawili: mjumbe wa halmashauri ndogo anayeletewa karatasi asaini, na mwendelezaji mdogo anayeambiwa alete dhamana kabla ramani yake haijapitishwa. Maslahi yao hayafanani, na nitasema wazi pale kinachomfaa mmoja kinapomwumiza mwingine.

Dhamana hii imetoka wapi

Kanuni ya asili ni kwamba kazi zote za umma ndani ya mradi ziishe kabla viwanja havijauzwa: barabara, njia za miguu, mabomba ya maji safi na maji taka, mitaro na mabwawa ya maji ya mvua, taa, vigingi vya mipaka. Tatizo ni kwamba mwendelezaji anahitaji kuuza viwanja ili apate hela ya kujenga barabara hizo hizo. Mwaka 1928 Wizara ya Biashara ya Marekani, waziri wake akiwa Herbert Hoover, ilitoa sheria ya mfano ya mipango miji, na humo ikaacha mlango: badala ya kumaliza kazi kwanza, mwendelezaji aweke bondi yenye mdhamini, yaani karatasi ambayo mdhamini anaahidi kubeba kazi hiyo endapo yeye atashindwa. Majimbo yakaiga, kila moja kwa namna yake.

Waliozoea zabuni za serikali Afrika Mashariki watasema hii ni dhamana ya utendaji kazi, ile ile ya wakandarasi. Inafanana, ila kuna tofauti kubwa. Mkandarasi wa serikali akizembea, mwajiri bado ameshika malipo yake, anaweza kuyazuia. Halmashauri ya Pennsylvania haimlipi mwendelezaji hata senti, kwa hiyo haina cha kuzuia. Ikiwa dhamana ni mbovu, hakuna mfuko mwingine wa kukimbilia isipokuwa kodi za wananchi.

Kabla ya aina, kiasi

Sheria ya mipango ya Pennsylvania ya mwaka 1968, kifungu cha 509, inaweka dhamana kuwa asilimia 110 ya gharama za kukamilisha kazi. Gharama hiyo haikadiriwi kwa bei ya leo, bali kwa bei itakayokuwepo siku 90 baada ya tarehe iliyopangwa ya kumaliza. Kazi ikizidi mwaka mmoja, halmashauri inaweza kuongeza asilimia 10 kwa kila mwaka wa ziada. New Jersey inafika asilimia 120. North Carolina inaruhusu isizidi 125. California inataka dhamana mbili: moja ya kazi yenyewe, kati ya asilimia 50 na 100, na nyingine ya kiasi kama hicho kwa ajili ya kuwalipa mafundi na wauza vifaa endapo mwendelezaji atawakimbia.

Tuseme mradi una viwanja 24 na mhandisi amekadiria dola 800,000. Kwa Pennsylvania dhamana ni dola 880,000. Kiasi hiki nitakitumia hadi mwisho.

Hiyo asilimia 10 ya juu inaonekana nyingi kwa mwendelezaji, lakini jiulize halmashauri itatumia nini siku mradi ukianguka. Itaandaa zabuni upya, italipa mhandisi apime kilichofanyika na kilichooza, italipa mwanasheria, itafukua mitaro iliyojaa tope. Kazi iliyoachwa njiani haimaliziwi kwa bei iliyobaki kwenye makadirio. Mjumbe anayekubali makadirio ya chini ili kumsaidia kijana wa hapa kwetu anapoteza zaidi hapo kuliko atakavyookoa kwa kubishana juu ya aina ya karatasi.

Taslimu na akaunti ya amana

Kwa halmashauri hakuna dhamana tamu kuliko hela iliyo mkononi. Hakuna wa kuombwa, hakuna wa kubishana naye. Kwa mwendelezaji ni mzigo: dola 880,000 zimelala, na kama anakopa kwa riba ya asilimia 8, usingizi huo unamgharimu dola 70,400 kwa mwaka. Ndiyo maana taslimu huonekana zaidi kwenye vitu vidogo vya mwisho, kama miti ya barabarani, kipande cha njia ya miguu au vigingi. Kwa kazi ya dola 15,000 kuhangaika na benki ni kupoteza muda. Lete hundi, mambo yaishe.

Akaunti ya amana iko karibu na taslimu, mradi hela iwemo kweli na isitoke bila saini ya halmashauri. Jihadhari na ndugu yake wa kambo: ile barua ambayo benki iliyomkopesha mwendelezaji inasema imetenga sehemu ya mkopo kwa ajili ya barabara. Soma mstari wa mwisho. Mara nyingi umeandikwa kwamba benki itatoa hela hizo ilimradi mkopaji hajavunja masharti ya mkopo. Sasa mwendelezaji aliyeshindwa kujenga barabara, masharti ya mkopo atakuwa ameyatimiza vipi? Ahadi hiyo inafutika siku ile ile inapohitajika. Kama benki haikubali kuufuta mstari huo, karatasi hiyo isihesabiwe kuwa dhamana.

Barua ya dhamana ya benki

Hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo, kati ya barua ya benki na bondi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Barua ya benki ni ahadi ya benki kwa halmashauri, na nguvu yake ni kwamba haijali ugomvi. Halmashauri ikileta karatasi zilizotajwa kwenye barua, benki inalipa. Haiulizi kama kweli mwendelezaji ameshindwa, haisikilizi malalamiko yake kwamba mhandisi alikuwa mkali. Sheria ya biashara inayotumika majimboni inaipa benki muda wa kuzikagua karatasi usiozidi siku 7 za kazi. Hata mwendelezaji akikimbilia mahakama ya ufilisi, kwa kawaida barua haiguswi, kwa sababu hela inayolipwa ni ya benki, si yake.

Upande wa pili wa sarafu ni kwamba benki inatazama karatasi tu, na karatasi ikipinda kidogo hailipi. Kama barua inasema tamko lisainiwe na mwenyekiti, na siku hiyo mwenyekiti yuko safarini akasaini makamu, benki ina haki ya kukataa. Kama inadai barua ya asili na katibu aliyestaafu aliiweka kwenye faili lisilojulikana liko wapi, hali ni hiyo hiyo. Nikiwa mjumbe ningepigania maneno manne tu. Tamko liwe la sentensi moja kwamba kazi haijakamilika. Liweze kusainiwa na ofisa yeyote aliyeidhinishwa. Kuchota kidogo kidogo kuruhusiwe, si lazima yote kwa mkupuo. Na dirisha la kuwasilisha karatasi liwe mahali pa kufika kwa gari, au zikubaliwe kwa njia ya kielektroniki. Barua inayoisha Ijumaa saa tisa alasiri kwenye kaunta iliyo majimbo matatu mbali imeshakufa Alhamisi.

Tarehe ya mwisho ndiyo muuaji mkuu wa barua za benki. Mwendelezaji anaomba miezi sita zaidi, kikao kinampa, hakuna anayekumbuka kuuliza barua inaisha lini. Dawa yake inajulikana: barua ijirudie yenyewe kila mwaka, na benki ikitaka kuacha itoe taarifa kwa maandishi siku 60 kabla. Taarifa hiyo ikifika, na dhamana mbadala isiletwe, halmashauri ichote hela yote na kuishika kama taslimu. Sharti la kuchota kwa sababu hiyo pekee liandikwe ndani ya barua yenyewe. Likikosekana, mtalazimika kutamka kwamba mwendelezaji ameshindwa kazi, na pengine muda wake haujaisha, hivyo mtakuwa mnasema uongo.

Na benki yenyewe ikifa? Julai 1982 ilianguka Penn Square Bank ya Oklahoma City. Kampuni ya Philadelphia Gear ilikuwa na barua ya benki hiyo, ikadai kwamba shirika la serikali la bima ya amana liifidie kama mwenye amana. Mwaka 1986 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa: barua iliyotolewa kwa ahadi ya mteja kulipa baadaye, bila hela iliyowekwa, si amana. Mwaka 2009 benki 140 zilianguka nchini humo, na mwaka 2010 zikaanguka 157, nyingi zikiwa ndogo zilizozama kwenye mikopo ya viwanja na nyumba. Ndiyo hatari ya kuchukua barua kutoka benki ile ile inayogharimia mradi. Soko la nyumba likidondoka, mwendelezaji na mdhamini wake wanazama pamoja.

Kwa mwendelezaji, benki hutoza kitu kama asilimia 1 hadi 2 kwa mwaka. Tukichukua moja na nusu, ni dola 13,200. Lakini benki inaihesabu barua kama mkopo, na kiasi chake kinakatwa kwenye uwezo wa mwendelezaji wa kukopa.

Bondi

Bondi hutolewa na kampuni ya dhamana, mara nyingi tawi la kampuni ya bima, lakini si bima kama watu wanavyoidhania. Kampuni inategemea kutolipa kabisa, na ikilipa itamdai mwendelezaji kila senti, kwa mkataba ambao yeye binafsi, na mara nyingi mwenzi wake, wameusaini nyumbani. Ada huwa kati ya asilimia 1 na 3 kwa mwaka. Kwa asilimia 2, ni dola 17,600.

Kwa hesabu ya ada peke yake, barua ni nafuu kuliko bondi. Mfukoni mara nyingi ni kinyume, kwa sababu bondi haigusi mkopo wa benki. Mwendelezaji anayejenga nyumba zake mwenyewe kwenye viwanja hivyo 24 anaihitaji ile nafasi ya kukopa dola 880,000 kuliko anavyohitaji kuokoa dola 4,400 za ada. Ndiyo sababu waendelezaji wengi, wakipewa uhuru, huenda kwenye bondi. North Carolina imewapa uhuru huo kisheria: aina anachagua mwendelezaji, si mji.

Kwa halmashauri, bondi ina sura mbili. Nzuri ni kwamba kampuni imeshapekua hesabu za mwendelezaji kabla ya kusaini. Mtu ambaye hakuna kampuni ya dhamana inayomtaka amekupa habari muhimu bure. Pia bondi iliyoandikwa vizuri haina tarehe ya kifo. Inabaki hai mpaka halmashauri iiachie. Na mradi ukianguka, kampuni inaweza kuleta mkandarasi wake amalizie kazi, jambo ambalo ni neema kwa mji wenye katibu mmoja na mhandisi wa kukodi.

Sura mbaya ni kwamba kampuni inasikiliza ugomvi. Ukiandika kwamba mwendelezaji ameshindwa, inafungua faili, inatuma mkaguzi, inamuuliza mwendelezaji naye ana lipi la kusema. Kisha maswali yanageukia kwenu. Mlimwongezea muda lini, na mlitujulisha? Mlibadilisha ramani ya mtaro? Mliachia sehemu ya dhamana kwa kazi ambayo haikuwepo? Kila jibu baya ni sababu ya kupunguza malipo au kukataa. Kwenye miradi iliyokufa kabla hata nyumba moja haijajengwa, mahakama za majimbo hazikubaliani kama mji unastahili kulipwa kwa barabara ambazo hakuna atakayezipita. Baada ya mgogoro wa kifedha wa mwaka 2008 maswali haya hayakuwa ya darasani. Teton County ya Idaho ilibaki na maelfu ya viwanja vilivyopimwa, vingi bila nyumba.

Kama bondi haiepukiki, angalia vitu viwili siku ya kwanza. Kampuni iwe kwenye orodha ya Wizara ya Fedha ya Marekani ya kampuni za dhamana zilizoidhinishwa, na kiasi cha bondi kisizidi kikomo chake kilichoandikwa humo. Halafu piga simu kwenye kampuni kuthibitisha kuwa bondi ni yao, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si iliyochapwa kwenye karatasi. Bondi za kughushi zipo, na mihuri yake hupendeza.

Kuzuia vibali

Wapo wajumbe wanaosema dhamana zote za nini, tuzuie tu vibali vya ujenzi mpaka barabara iishe. Mwanzoni ni silaha kali. Mwishoni ni butu: viwanja 22 vikishauzwa, mwendelezaji hana la kuogopa kuhusu viwili vilivyobaki, na mnaanza kuwaadhibu wanunuzi badala yake. Itumike kama nyongeza.

Ningechagua nini

Nikiwa mjumbe wa halmashauri ndogo, na mradi ni huu wa dola 880,000, nataka barua ya benki, kutoka benki tofauti na inayokopesha mradi. Sina wanasheria wa kubishana na kampuni ya dhamana, nataka hela ndani ya wiki mbili. Pennsylvania inalazimu halmashauri kuzikubali barua zisizobatilishika na akaunti za amana za benki zilizosajiliwa, na anayechagua benki au kampuni ni mwendelezaji, mradi iwe na ruhusa ya kufanya kazi jimboni. Kwa hiyo uwezo wangu hauko kwenye kuchagua aina, uko kwenye maneno. Mwanasheria wa halmashauri aandae barua na bondi za mfano mapema, mwendelezaji azikute mezani.

Mradi ukiwa mkubwa, wa awamu nne au tano na miaka kumi, nageuka. Hapo bondi ni bora, moja kwa kila awamu, kwa sababu barua ya mamilioni kutoka benki ya mjini ni kuiegemea benki hiyo mno. Ila ningeomba pamoja na bondi kiasi kidogo cha taslimu cha kushusha mifuniko, kuziba mashimo na kuzuia tope lisiingie kwa jirani wakati kampuni ikiendelea na uchunguzi wake. New Jersey ililiona hili. Sheria yake iliyosainiwa mwanzoni mwa 2018 iliipunguzia miji mambo mengi ya kudai, lakini ikaruhusu dhamana ndogo ya pekee ya usalama, inayoweza kutumika kazi ikisimama siku 60 mfululizo na isianze tena baada ya taarifa.

Nikiwa mwendelezaji, ningechukua bondi kama kampuni inanikubali, na nguvu zangu zote ningezipeleka kwenye kuachiliwa kwa dhamana. Pennsylvania inampa mwendelezaji nafasi nzuri: akimaliza sehemu ya kazi anaomba kwa maandishi, na halmashauri ina siku 45 za kujibu. Ikinyamaza, inahesabika imekubali. Kazi za dola 500,000 zikithibitishwa, na halmashauri ikazuia asilimia 10, dola 450,000 zinaachiwa na dhamana inashuka hadi 430,000. Ada ya mwaka wa pili inashuka nayo. Anayesubiri hadi mwisho aombe yote kwa pamoja analipa ada ya kazi aliyokwisha kuimaliza.

Kwa mnunuzi wa nyumba, wakiwemo Waswahili na Wakongo wanaoanza kununua kwenye mitaa mipya ya Erie na Lancaster, kuna maswali mawili ya kupeleka ofisi ya halmashauri kabla ya kusaini: barabara hii imepokewa? Dhamana iliyobaki ni kiasi gani, na inaisha lini? Majibu ni kumbukumbu za umma, na jimbo lina sheria ya mwaka 2008 ya haki ya kuzipata. Wakala wa mauzo atakwambia usijali. Nenda ofisini.

Barabara ikishapokewa, dhamana ya kazi inabadilishwa na ya matengenezo. Pennsylvania inaiwekea kikomo cha asilimia 15 ya gharama halisi na miezi 18, yaani kama dola 120,000 kwa mradi wetu. North Carolina hairuhusu dhamana ya ujenzi itumike kwa matengenezo. Miezi hiyo 18 mhandisi azunguke mtaani angalau mara mbili, moja ikiwa baada ya majira ya baridi barafu ikishayeyuka, ndipo lami iliyolazwa juu ya udongo usioshindiliwa hujionyesha. Na wajumbe wasichelewe kupokea kwa kudhani wanajilinda. Fedha za kodi ya mafuta ambazo jimbo huzigawia halmashauri huhesabiwa kwa idadi ya watu na maili za barabara zilizo mikononi mwake, na barabara isiyopokewa haimo kwenye hesabu hiyo.